Chozi wa Mgomba wa Jikoni

Miaka yote ile, nikifika Ihanda kumtembelea mama, salamu haikuwa kitu cha kwanza. Kabla sijazima injini nilimsikia akipaza sauti kutoka jikoni: "Vioo!" Basi nashuka, naenda kwenye msumari wa mlango wa jiko, nachukua soksi mbili za sufu za baba, za kijivu, moja ina tundu kisiginoni. Navisha kioo cha kulia cha pikipiki, navisha cha kushoto, nakaza kwa kamba ya mgomba. Hapo ndipo nilipokuwa naruhusiwa kusema shikamoo.

Sababu ilikuwa chozi. Kando ya jiko la mama palikuwa na shina kubwa la migomba, na maua ya migomba ile yalikuwa milki ya chozi dume mmoja wa rangi ya shaba, mwenye mkia mrefu na mdomo uliopinda kama sindano ya kushonea magunia. Ni ndege wa kutoshea kwenye kiganja, lakini kiburi chake hakitoshi kwenye gunia. Siku ya kwanza nilipokuja na pikipiki mpya alimwona dume mwenzake ndani ya kioo. Alimrukia, akamdonoa, akapumzika kwenye usukani, akaanza tena. Baba alikuwa hai bado. Alitazama kwa muda, akasema huyu atakufa kwa wivu, akavua soksi alizovaa, pale pale, akavisha vioo. Nilicheka. Mama alisema soksi hizo zinanuka, chozi atazimia.

Najua kuna watu wakisikia jina la ndege huyu wanaanza kutafuta machozi. Wasihangaike. Ni jina tu, na ndege mwenyewe ni mgomvi.

Mimi nafanya kazi Murongo, mpakani na Uganda. Ni wakala wa kupitisha mizigo forodhani, yaani kazi yangu ni kupiga kelele kwa adabu. Lori likikwama, dereva ananitafuta mimi. Wenzangu husema mdomo wangu unafungua geti. Nalitaja hili mapema ili msomaji ajue kwamba aliyeshindwa katika habari hii hakuwa bubu.

Kuna mgeni mmoja aliyekuwa akisubiri muhuri wa pasipoti pale Murongo, darubini imemning'inia shingoni, akaniuliza kama kwetu kuna wale ndege wadogo wa Amerika wanaosimama hewani mbele ya ua huku mabawa yakivuma. Nikamwambia hao hatuna, ila tuna chozi, na wao pia wanakunywa utamu wa maua. Akafurahi. Akauliza ni chozi wa aina gani, na wanaonekana msimu gani. Hapo nikakwama. Mtu wa forodha hapendi kukwama mbele ya mgeni, kwa hiyo nilimwambia asubiri nikamuulize mtaalamu.

Jumamosi hiyo nilimuuliza mama. Alikuwa anamenya ndizi, na alinijibu bila kuinua kichwa.

"Kiangazi wanakuja wote," alisema. "Ule mti wa murinzi wa mpakani mwa shamba ukishapukutisha majani ukavaa maua mekundu, utawaona. Yule wa shaba, yule mweusi wa kifua chekundu, na kale kadogo ka tumbo la njano kanakopiga kelele kuliko wakubwa. Mvua zikianza, murinzi unarudisha majani, maua yanakwisha. Wanahamia kwenye yale maua ya rangi ya chungwa kando ya barabara. Masika wanataga. Halafu kuna siku hapo katikati ambapo hakuna ua popote, waitu, hata la kumpa mgonjwa. Siku hizo wanakula kwangu. Mgomba hauna msimu."

"Kwa hiyo nimwambie wapo mwaka mzima?"

"Mwambie aje na kiti akae aangalie. Ana haraka ya nini? Nyie manshomile, nyie wasomi, mnataka mjue kila kitu mmesimama."

Mgeni mwenyewe alishavuka mpaka siku nyingi. Lakini tangu hapo nilianza kuwatazama chozi kwa jicho lingine. Nikagundua kwamba mama hakuwa anawatazama kwa kupitisha muda. Lile shina la jikoni alikuja nalo kutoka kwao Rugera alipoolewa, chipukizi moja amelibeba kichwani, na tangu hapo mgomba mama ukikatwa anabaki binti, binti akikatwa anabaki mjukuu, shina likawa lile lile. Asubuhi baba alikuwa akikaa upande mmoja wa shina na mama upande mwingine, na kazi yao ilikuwa kubishana kuhusu ndege. Baba alidai dume ni yule yule wa mwaka jana. Mama alidai huyu ni mwanawe, kwani baba haoni anavyoruka kama mtu aliyepewa urithi juzi. Ndoa nyingine zina mazungumzo makubwa kuliko hayo, lakini sijui kama zina marefu kuliko hayo.

Baba alifariki wakati wa masika. Aliugua kidogo, tukadhani atapona, hakupona.

Huku kwetu msiba haubebwi na mwenye nyumba. Habari ikishatoka, watu wanakuja, na mwanamume haji mikono mitupu, anakuja na muhoro wake. Muhoro ni kile kisu kilichopinda mbele chenye mpini mrefu, cha kukatia majani makavu ya mgomba, na kila mwanamume ana wake aliouzoea kama kalamu. Wanaingia kibanjani, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, bila kuambiwa. Wanakata majani ya kukalia waombolezaji. Wanakata mikungu ya kupikia watu. Wakimaliza hapo wanaipunguzia migomba yote majani, wanasafisha chini, ili marehemu alazwe mahali pa heshima na mjane asiwaze shamba huku analia. Hakuna anayewasimamia. Ni deni la utu, na kila mtu anajua zamu yake itafika.

Walikuja wengi. Nilisimama mlangoni nikawasikia wakikata, sauti ya visu kila upande wa kibanja, majani yakianguka, na katikati ya huzuni ile nilijisikia fahari. Tulimzika baba upande wa juu, katikati ya migomba. Mama aliangalia kibanja kilivyong'aa akasema, "Angeona hivi."

Nakumbuka maneno hayo kuliko mahubiri ya siku ile.

Vuli ilipoingia, migomba ya karibu na kaburi ikaanza kulegea majani. Mama alidhani ni jua. Akaona mikungu michanga inageuka njano kabla ya wakati, akakata ndizi moja, ndani akakuta kahawia. Akaniita kwa simu. Nilipofika tulikata shina la mgomba, na penye kidonda pakatoka kitu cha njano kizito kama usaha.

Mzee wa jirani alikuja kuangalia. Huyu mzee kibanja chake kimepakana na chetu, alipata kipaimara siku moja na baba, na mimi humwita baba mdogo ingawa hatuna damu moja. Siku ya msiba ndiye aliyetangulia kuingia kibanjani na muhoro wake. Aliinama, akatazama ule usaha, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Ni mnyauko," alisema.

Msomaji asiye wa huku ataniwia radhi kama simweleweshi vizuri uzito wa neno hilo. Mnyauko ukiingia kibanjani hauna dawa ya kunyunyizia. Mgomba ukiugua unang'olewa na shina lake lote, unakatwakatwa, unafukiwa. Na kibanja kwa mjane wa Kinyambo, kabila letu, si shamba tu. Ni chakula cha leo, ni jina la mumewe, ni kaburi la mumewe, na ni sababu ya yeye kuendelea kuitwa mwenye nyumba. Mama akikosa kibanja angebaki na nyumba iliyosimama kwenye udongo mtupu. Hicho ndicho kilichokuwa hatarini, na sote tuliokuwa pale tulikijua.

Afisa ugani akaitwa, binti mwenyeji wa Muleba, mpole, buti zimejaa tope. Mama alimkaribisha kwa kahawa ya kutafuna kama anavyokaribishwa mgeni wa heshima. Majirani walikusanyika uani, karibu wanaume wote waliokuja kuzika. Binti alieleza kwa utaratibu. Lile ua dume, lile la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu kama moyo, livunjwe kwa kijiti chenye panda mara tu mkungu unapokamilika. Lisikatwe kwa kisu. Wadudu wanaingia kwenye ua la mgomba mgonjwa, wanahamia kwenye la mzima.

"Na ndege?" aliuliza mzee wa jirani.

"Na ndege inawezekana, baba. Chochote kinachotoka ua hili kikaingia ua lile."

Watu wakageuka kutazama shina la jikoni. Chozi alikuwa pale pale, kichwa chini miguu juu, amezamisha mdomo kwenye ua. Hana habari.

"Lakini hasa ni visu," binti akaendelea. "Kisu kikikata mgomba mgonjwa kwa fulani, halafu kikaja kukata mzima kwa mwingine, hata kama mgonjwa mwenyewe haujaonyesha dalili, kimeshapeleka. Kila kisu kipitishwe motoni kwanza. Kila kisu, kila shina." Akamgeukia mama. "Mama, kuna watu walioingia humu na visu vyao hivi karibuni?"

Niliwaona wanaume wakitazama chini. Sidhani kama wote walikuwa wameelewa, lakini baadhi walikuwa wameelewa. Mimi nilielewa mara moja, na moyo ulinipasuka kwa hasira kwa sababu hapakuwa na wa kumkasirikia. Migomba iliyoanza kuugua ilikuwa ile ya kuzunguka kaburi, pale walipokata zaidi, pale walipotaka pang'ae.

Mama alisema, "Hapana, mwanangu. Nakata mwenyewe."

Nikafungua mdomo. Mkono wake ukatua juu ya mkono wangu, ukabana.

"Mletee mgeni maji ya kunawa," aliniambia.

Nikaenda kuleta maji. Mtu mzima, mwenye familia, mwenye mdomo unaofungua geti, nimetumwa maji. Nyuma yangu nilimsikia mzee wa jirani akisema, kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo, "Basi ni hawa chozi."

Wageni walipoondoka nilimfuata mama jikoni.

"Mama, kwa nini umesema vile?"

"Nimesema nini?"

"Kwamba hakuna aliyeingia na kisu."

Alikuwa anachochea moto. Hakuniangalia. "Ulitaka niseme nini? Kwamba walionizikia mume ndio walioniulia kibanja? Niseme mbele yao, wamekaa kwenye uwanja wangu?"

"Ni kweli lakini."

"Kweli ya kufanyia nini? Itarudisha migomba?" Sasa akaniangalia. "Habari ya visu ameshawaambia. Mwenye masikio amesikia, ataweka kisu chake motoni. Mengine hayo ni ya kuwaonea tu. Nikisema leo, kesho msiba ukitokea nani ataingia kwenye kibanja cha mwenzake? Kila mtu ataogopa. Watasimama nje na visu vyao, mjane anakata majani mwenyewe. Na mimi nikifa? Utanibeba peke yako kutoka Murongo na hiyo pikipiki?"

"Lakini wanasema ni chozi wako."

"Waseme. Chozi akisingiziwa hapungui kitu. Binadamu akisingiziwa anapungua. Hata asiposingiziwa, akiambiwa ukweli wa namna hii, anapungua."

Ninavyojua mimi, wahenga walisema wema hauozi. Wangefika kibanjani kwetu mwaka ule wangeona wema unatoa usaha wa njano.

Mzee wa jirani hakuwa mbaya. Aliogopa, na mtu akiogopa hutafuta kitu cha kushika. Kibanja chake kilikuwa hatua chache kutoka chetu na alitaka maua ya lile shina yaondoke. Maua mengine ya kibanja kizima mama alikuwa ameshayavunja, jioni ile ile. Yalibaki ya jikoni. Mzee akaniambia kwa heshima kwamba mimi ndiye mrithi, kwa hiyo kazi ni yangu.

Jumamosi iliyofuata nilikuja, nikavisha vioo soksi, nikashika kijiti kirefu chenye panda. Ni kazi rahisi kuliko kazi zote za kibanjani. Unapandisha panda mpaka shingo ya ua, unazungusha, linakatika. Mtoto anaweza. Niliinua kijiti na chozi akaja. Hakuniogopa hata kidogo, alishanizoea, mimi ndiye yule mtu wa soksi. Akashika ua kwa miguu, akainamisha kichwa, akaanza kunywa, panda ya kijiti changu ikiwa chini yake kabisa. Jua lilimpiga mgongoni, shaba yote ikawaka, kijani, zambarau. Nikasubiri amalize. Akaenda ua la pili. Nikahamisha kijiti. Akarudi la kwanza. Nikawa nimesimama pale mikono juu kama mtu aliyekamatwa.

Mama alitoka jikoni, akanipokonya kijiti.

"Watu wa ofisini," alisema.

Akasubiri chozi ainue kichwa, akazungusha. Ua likaanguka miguuni kwake kwa kishindo kidogo. Akaenda la pili, la tatu, shina lote, hakupumzika. Utomvu ulimdondokea kwenye kitenge, na utomvu wa mgomba ukishaingia kwenye nguo hautoki, kila mwanamke wa huku anajua, ndiyo maana huvaa nguo mbovu kwa kazi hiyo. Yeye siku ile alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Sikujua kwa nini na sikumuuliza.

Chozi alirudi. Akatua kwenye kikonyo kilichobaki, akachomeka mdomo pale palipovunjika, akautoa, akachomeka tena. Akaruka mpaka kwenye kamba ya nguo, akageuka, akarudi. Mama aliegemea kijiti akimtazama.

"Nenda sasa," alimwambia, kwa Kinyambo, kama anavyoambiwa mgeni aliyekaa mno. Kisha akaingia ndani.

Nilijisemea kwamba angalau kibanja kitapona. Huo ndio ujinga wangu wa miezi ile. Niliujua ukweli wa visu kwa kichwa, lakini moyoni nilikuwa nimeshaweka mkataba: tumetoa chozi, tupewe migomba. Kana kwamba kuna dirisha mahali ambapo mtu anapeleka kitu anachokipenda anapigiwa muhuri.

Mnyauko haukuwa na habari na mkataba wangu. Ulishuka kutoka kaburini polepole, shina kwa shina. Kila Jumamosi nilikuta mwingine umelegea. Tulichimba, tukakata, tukafukia. Mama aliweka muhoro wake kwenye makaa kila tulipotoka shina moja kwenda lingine, akiugeuza kama anayechoma hindi, na hakukosea hata mara moja. Wakati mwingine alinipigia simu Murongo, katikati ya kelele za malori, kunipa habari za ndege. Leo amekuja, ametazama, ameondoka. Leo amekuja jike peke yake. Leo nimemwona yule wa tumbo la njano kwenye ua la boga, waitu, boga nalo lina nini. Nilimsikiliza nikiwa nimebana simu kwa bega, mikono imejaa karatasi za watu, na kila aliponiuliza, "Sasa wanakula wapi hawa?" nilisema, "Watapata, mama." Baadaye akaacha kuwataja. Nami sikuuliza.

Shina la jikoni liliugua mwisho. Lilikuwa halina ua hata moja tangu siku ile, halina chozi, halina mdudu, na likaugua. Majani yalining'inia kama nguo iliyosahauliwa kwenye mvua. Mama alikata mwenyewe jani moja, akaona njano, akafuta kisu, akakiweka motoni.

Mzee wa jirani alisikia akaja kusaidia. Alivua kofia alipomwona mama, akamwambia pole shemeji. Nilimwona anapitisha muhoro wake motoni kabla hajaingia, pande zote mbili, kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Tulichimba naye mpaka jua likawa kali. Shina la miaka mingi lina mizizi ya ajabu. Tulipolitoa lote, akakaa ukingoni mwa shimo, buti zake zikining'inia ndani, akashusha pumzi.

"Chozi wameondoka hapa tangu lini?" aliniuliza.

"Tangu tulipovunja maua."

"Hawajarudi?"

"Hawajarudi."

Akatazama shimo, akatazama juu kule kaburini, akafuata kwa macho mstari wote wa mashimo tuliyofukia, kutoka kule mpaka hapa. Akatazama muhoro wake. Niliona jambo likimwingia taratibu, na nilitamani liingie na nilitamani lisiingie.

"Mwanangu," alisema, "siku ile tulipokuja kuzika..."

"Shemeji!" Mama alikuwa mlangoni, birika mkononi. "Shemeji karibu chai, inapoa."

Mzee alimtazama. Mama naye alimtazama, hakuondoa macho. Sijui walisemezana nini kwa macho yale. Kisha mzee akainuka kwa shida, akajifuta mikono kwenye suruali, akasema, "Asante, shemeji," akaenda kunywa chai. Hakumalizia sentensi yake siku ile na hajaimalizia mpaka leo. Mimi nilikaa naye mezani, nikamwekea sukari.

Sasa pale jikoni pana maharage. Afisa ugani alisema udongo upumzike, tupande mahindi na maharage kwanza, halafu tutafute machipukizi safi. Mama alimuuliza utapumzika mpaka lini. Binti akamwambia. Mama akacheka, akaninyooshea kidole, akasema, "Basi hayo mpandie huyu." Alipiga simu kwao Rugera kuulizia shina lile la zamani alikolichukua, kaka yake akamjibu kwamba kwao nako mnyauko ulishapita. La kuvunda halina ubani, alisema mama, akazima simu. Mzee wa jirani, ambaye kibanja chake mpaka sasa kimesimama, humletea mkungu wa ndizi. Anauacha mlangoni, anabisha, anaondoka kabla hajafunguliwa. Mama wa Kinyambo kuletewa ndizi mlangoni kwake! Anazipika, anazila, na anamshukuru sana wakikutana kanisani.

Kiangazi kilipofika murinzi wa mpakani ulichanua kama kawaida yake. Chozi walikuja. Tuliwaona kwa mbali, wa shaba na wa kifua chekundu na kale ka njano, wakigombana kule juu. Mama alisogeza kiti chake upande ule. Mvua ikaja, murinzi ukarudisha majani, maua yakaisha, zikaingia zile siku za katikati ambapo hakuna ua popote.

Nilifika Jumamosi moja ya siku hizo. Nikaingiza pikipiki uani, nikaiegesha pale pale pa zamani, nikazima injini. Hakuna aliyeniita. Nikaenda moja kwa moja jikoni nikasema, "Shikamoo mama," na salamu ilisikika ya mapema mno, kama nimeiwahi.

"Marahaba," alisema.

Akanipita. Akachukua soksi kwenye msumari, akaenda kwenye pikipiki. Akavisha kioo cha kulia, akavisha cha kushoto. Akatafuta kamba ya mgomba kwa macho, huku na huku, chini, ukutani, kwenye kibanja kizima hapakuwa na kamba ya mgomba. Akafungua kilemba chake, akakichana pembeni ukanda mwembamba, akachana na wa pili, akaanza kufunga.

Nilitaka kumwambia, mama, hakuna ndege. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Upepo ulikuwa ukisukuma pikipiki na vidole vyake havikuwa na nguvu tena ya kukaza fundo, fundo likawa linateleza, analirudia.

Nikashika usukani kwa mikono miwili isiyumbe, mpaka alipomaliza.